Kilo mbili za soya: somo la Bwamanda

Siku hizi twasikia mara nyingi maneno haya: afya kwa wote. Wengi wetu twadhani ni jambo lililozaliwa juzi huko Kinshasa. Historia ya nchi yetu yatufundisha vingine.

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakubaliana kwamba huduma za msingi za afya ziwafikie watu wote, na wananchi washiriki katika kuzipanga. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa na shida yake: hospitali nyingi za vijijini zilikuwa za misheni za Wakatoliki na Waprotestanti, au za makampuni, na kila moja ilifuata njia yake. Katika miaka ya 1980, Serikali iligawa nchi katika zoni za afya 306. Mahali ambapo hospitali ya misheni ndiyo iliyokuwa na uwezo, hiyo ilifanywa hospitali kuu ya zoni nzima, ikawa na wajibu wa kusaidia vituo vya afya vilivyoizunguka. Nao wakaaji walipata nafasi katika kamati za vituo.

Lakini kiti katika kamati hakimlipii mgonjwa. Jibu moja lilitoka Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mwaka 1986 zoni hiyo ilianzisha mfuko wa kulipia matibabu ya hospitali, ukisaidiwa na shirika la maendeleo lililozaliwa katika misheni. Mchango wa mtu mmoja kwa mwaka ulilingana na bei ya kilo mbili hivi za soya. Ulikusanywa wakati wakulima walipokuwa wameuza mazao yao. Jamaa nzima iliandikishwa pamoja, ili wasiingie wagonjwa peke yao na kuumaliza mfuko. Mwanachama aliyetumwa na kituo cha afya alilipa sehemu ndogo tu ya gharama.

Miaka migumu ilifika. Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha misaada yake, na mwaka 1991 uporaji ukaikumba miji. Hata hivyo mfuko wa Bwamanda haukufa, kwa maana watu walijua fedha zao zinakaa wapi na zinafanya nini.

Tusiseme kwamba yote yalikuwa mema. Aliyekaa mbali na hospitali alichanga sawa na jirani yake wa karibu, lakini alilazwa mara chache zaidi, kwa sababu ya safari. Na maskini kabisa hakuwa hata na kilo mbili za soya. Ndiyo sababu wananchi peke yao hawatoshi: Serikali haina budi kubeba fungu lake.

Leo nchi ina zoni za afya zaidi ya 500, na tangu mwaka 2017 ina sheria juu ya mashirika ya kusaidiana. Sheria hufungua mlango. Kuingia ni kazi ya watu. Basi tuulizane katika kikundi chetu: ni nani anayetusemea katika kamati ya kituo chetu cha afya? Ni lini mara ya mwisho alipotutolea hesabu? Na mgonjwa wa kijiji cha mwisho, huyo anasemewa na nani?