Babu alienda Burma bila cheti. Mbona mjukuu anaulizwa D+?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, vuteni kiti.

Kila mara KDF wakitangaza kuandikisha makurutu, mjadala unarudi palepale. Mmoja anapanda jukwaani na kusema: babu zetu walipigana Burma bila kuona darasa, kwa nini vijana wetu wafungiwe nje kwa sababu ya D+? Watu wanashangilia. Kesho yake mwingine anamjibu kwenye runinga: jeshi la siku hizi ni la kompyuta na droni, asiyesoma atafanya nini huko? Na huyo naye anashangiliwa na watu wake. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji majina wala vyama. Lakini hao wawili, kila mmoja amekumbuka nusu ya historia, ile nusu inayomfaa.

Mimi natoka Mbumbuni, Mbooni Mashariki, kaunti ya Makueni. Jirani yetu ana kijana aliyemaliza kidato cha nne na D. Si D+, ni D kavu. Siku ya kuandikisha alikimbia akafika na wale wa mbele kabisa. Urefu sawa, kifua sawa, meno sawa, nyayo si bapa. Meza ya vyeti ikamtoa. Kule nyumbani kwao, kwenye kopo la majani chai, kuna medali ya babu yake aliyekuwa KAR. Huyo babu hakuwahi kukaa darasani siku moja kabla ya kuvaa magwanda. Sasa jaribu wewe kumweleza kijana huyo.

Ngoja nijaribu.

King's African Rifles iliundwa 1902. Mwanzoni Wakamba hawakuwa chaguo la kwanza la mzungu. Alipenda askari kutoka Sudan na Nyasaland (Malawi ya leo). Maneno ya kwamba Mkamba amezaliwa askari yalikuja baadaye, serikali ilipohitaji watu, na wenyewe Wakamba walipoona kwamba sifa hiyo ina faida wakaikumbatia. Hili ni muhimu, kwa sababu mpaka leo kuna watu kwenye mikutano wanasema uaskari uko kwenye damu yetu. Haukuwa kwenye damu. Ulikuwa kwenye kodi ya nyumba, ukame, na kukosa kazi nyingine ya mshahara karibu.

Vita vya kwanza vilipofika, wengi hawakuchukuliwa kupigana. Walichukuliwa kubeba. Hao ndio Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya ilipewa John Ainsworth, mtu ambaye miaka ya nyuma alikuwa msimamizi wa serikali Machakos, kwa hiyo alijua njia za kwetu. Waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walizidi waliokufa kwa risasi. Ukiwa kijana wa miaka hiyo na unajua utachukuliwa tu, bunduki ilikuwa afadhali kuliko mzigo. Askari alikuwa na mshahara mzuri zaidi na chakula kizuri zaidi. Hapo ndipo mapenzi ya jeshi yalipoanza kuota mizizi Ukambani.

(Kando kidogo: inasimuliwa kwamba uchongaji wa vinyago wa Wamunyu ulianza na Mkamba mmoja aliyeenda Tanganyika kwa ajili ya vita hivyo na kujifunza kwa wachongaji wa kule. Jeshi lilikuwa shule hata pale ambapo halikukusudia.)

Sasa tuje kwenye kisomo chenyewe. Maafisa wa KAR hawakumchukua mtu asiyesoma kwa sababu ya huruma. Walimtafuta. Kijana wa misheni, anayesoma gazeti na kuandika barua kwa DC, walimwona msumbufu. Walitaka mtu wa shambani, mwenye miguu ya kutembea na anayetii bila maswali mengi. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili kilichokatwakatwa, wenyewe wakikiita KiKAR, cha kutosha kupokea amri na kuitikia. Ndani ya vikosi vya kupigana, vijana wa Kikuyu waliepukwa hasa kwa sababu walihesabiwa kuwa wamesoma na wana siasa.

Kwa hiyo yule wa jukwaani akisema "walichukuliwa bila cheti", ni kweli. Asichosema ni kwamba walichukuliwa KWA SABABU hawakuwa nacho. Na aliyechukuliwa kwa sababu hiyo alibaki chini kwa sababu hiyohiyo. Mpaka uhuru unakaribia, maafisa wa KAR walikuwa karibu wote wazungu. Mwafrika angeweza kutumikia miaka 20, akafika sajenti meja, na bado akampigia saluti luteni wa miaka 19 aliyeshuka melini juzi.

Je, Wakamba walikuwa watiifu kweli, kama wazungu walivyotarajia? Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza ng'ombe wetu kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wengi kupita malisho. Wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na pale Athi River kulikuwa na kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilichohitaji ng'ombe. Watu wakatoka Machakos, maelfu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona gavana na kupiga kambi kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Nimesema hatutaji wanasiasa, lakini ukiwa Nairobi jina lake utalisoma kwenye kibao cha barabara karibu na City Market. Mwisho wa mambo, serikali ikarudi nyuma na kuacha kunyang'anya. Wanahistoria walioandika juu ya jambo hili wanakumbusha kwamba vita vilikuwa vinanukia, na ndugu za wale waandamanaji walijaa jeshini na kwenye polisi. Hakuna gavana aliyetaka kuwaudhi mwaka huo. Hiyo ndiyo nguvu ya kuwa na watu kambini. Nadhani hata leo ndiyo sababu wanasiasa wanapigania nafasi za makurutu kuliko wanavyopigania vitabu vya maktaba.

Halafu vikaja vita vya pili: Ethiopia 1941, Madagaska 1942, Burma 1944. Na hapa ndipo nusu ya pili ya historia inaanza, ile ambayo jukwaani haisemwi kamwe.

Vita hivi havikuwa vya miguu peke yake. Vilihitaji madereva, watu wa simu za upepo, makarani, wauguzi, wapiga mizinga. Mzinga haulengwi kwa macho. Kuna pembe, umbali na hesabu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, na kundi kubwa kabisa kati yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawakuwa watu wa kubeba mizigo, walikuwa mafundi. Ufundi huo walifundishwa na jeshi lenyewe.

Ndiyo, jeshi lilifungua shule. Liliunda kikosi maalum cha elimu cha Afrika Mashariki, na walimu wake walifunzwa Jeanes School, Kabete. Askari aliyeingia akitia kidole kwenye wino alitoka akisoma barua yake mwenyewe. Baada ya vita masomo hayo yaliendelea kambini kwa vyeti vya jeshi vya ngazi tofauti, na kupanda cheo kulitegemea vyeti hivyo. Yule babu wa medali ya kwenye kopo? Jina lake alijifunza kuliandika kambini. Mke wake alikuwa akisema barua ya kwanza aliyomwandikia ilisomwa na katekista, kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua kusoma.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa wa jukwaani: babu aliingia bila kisomo, hakupigana bila kisomo. Na jibu kwa yule wa runinga: kazi ngumu za kijeshi ziliwahi kufundishwa kwa watu wasio na darasa hata moja, zikafanywa, tena mbele ya Wajapani.

Baada ya uhuru hesabu ikageuka. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya bendera kupandishwa, askari wa batalioni ya 11 pale Lanet, Nakuru, waliasi. Walitaka mshahara, na walitaka kuona maafisa Waafrika. Tanganyika na Uganda zilikuwa zimetangulia siku chache. Hao walikuwa wanajeshi wa mtindo wa zamani, wale wa "atatii bila maswali". Miaka 18 baadaye, tarehe 1 Agosti 1982, jaribio la kupindua serikali lilitoka Jeshi la Anga, kikosi cha mafundi, cha watu waliosoma kuliko askari wa kawaida wa miguu. Mnaona? Asiyesoma aliasi, aliyesoma akaasi. Ukisikia mtu anatetea cheti kwa kusema kinaleta nidhamu, mwambie aende akasome tarehe hizo mbili.

Kilichopandisha cheti, kwa macho yangu, ni foleni. Shule za harambee ziliongezeka, wanaomaliza kidato cha nne wakawa wengi kuliko kazi. Pale kwetu wako wastaafu walioingia jeshini miaka ya 70 na cheti cha darasa la saba peke yake, na hakuna aliyewashangaa. Lakini nafasi chache zikigombewa na umati, lazima kuwe na kitu cha kukatia mstari, na karatasi ndiyo kisu rahisi. Leo kwa kurutu wa kawaida mstari ni D+ ya KCSE, na fundi anaulizwa zaidi. Umri ni miaka 18 hadi 26.

Tazama mstari huo unamkata nani. KCSE inatoa wastani wa masomo saba. Kijana anaweza kuwa mkali wa hesabu na fizikia, akavutwa chini na mengine. Shule ya kutwa ya bonde kavu, yenye mwalimu mmoja wa sayansi na maabara ambayo ni kabati tu, inapimwa kwa mtihani mmoja na shule ya kitaifa. Mwaka 2023 walifanya KCSE watahiniwa 899,453. Wenye E walikuwa 48,174, na juu yao kuna D- na D kavu za kutosha. Anayetaka kurudia anaweza kufanya kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini atafute karo na muda, huku miaka 26 ikimsogelea.

Wengine watasema hata Marekani wanadai cheti cha sekondari. Ni kweli, ila asiye nacho anaweza kufanya GED, mtihani wa kukilingana. Juni 2022, jeshi lao la nchi kavu likiwa na uhaba wa watu, lilitangaza kupokea wasio na chochote kati ya hivyo viwili, mradi wafaulu vizuri mtihani wa jeshi lenyewe. Haikupita wiki wakaiondoa sera hiyo. Lakini Agosti mwaka huohuo wakaanzisha kozi Fort Jackson ya kuwaandaa waliokosa alama au uzito unaotakiwa, hadi siku 90, kabla ya mafunzo ya ukurutu. Yaani walirudi kwenye kile KAR ilifanya: mchukue, mfundishe, mpime mwenyewe. Walifanya hivyo kwa sababu foleni yao ilikuwa fupi. Yetu ni ndefu, na anayesimamia foleni ndefu hana haraka ya kufundisha mtu.

Foleni ndefu huzaa madalali. Yule kijana wa jirani, baada ya meza ya vyeti kumtoa, alipata "mtu wa kumsaidia". Uandikishaji wa KDF ni bure, wanatangaza kila mwaka, kila mtu anajua. Bado mama yake aliuza ng'ombe wawili. Barua ya kuitwa ilikuja, na muhuri juu. Alifika Eldoret na sanduku lake la chuma, akakuta lango linajua barua za namna hiyo. Alirudi na basi la usiku ili asionwe akishuka Mbumbuni mchana.

Sasa kuna jambo moja ambalo sijasikia upande wowote ukiligusa. KCSE ya 8-4-4 inafanywa mara ya mwisho 2027. Kundi la kwanza la mtaala mpya litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na mfumo wao wa alama ni mwingine. Mtu fulani, ofisini, ataandika upya ni nini kitasimama mahali pa D+. Anaweza kuandika kwamba jeshi litatoa mtihani wake. Anaweza kuandika kwamba mwenye mwili na akili lakini hana karatasi apewe miezi mitatu ya darasa. Anaweza pia kutafuta tu herufi nyingine ya kukatia. Mkienda kwenye mikutano, Burma mwachieni babu. Ulizeni hilo la 2028.

Kijana wa jirani ana miaka 24. Ameandikisha kurudia mtihani, na mama yake amebakiwa na ng'ombe mmoja.