Kubungua bongo si kupiga kelele

Wanafunzi wa sekondari mjini Kigali wanapopewa mradi wa kusanifu bidhaa, swali la kwanza huwa moja: tutengeneze nini? Kinachofuata kinajulikana. Watu sita wanaizunguka meza, kila mmoja anataja lililomjia, mwenye mwandiko mzuri anaandika, na baada ya dakika ishirini mwenye sauti kubwa ameshashinda. Kiswahili kina istilahi ya shughuli hiyo, nayo ni bungua bongo. Walimu wa Tanzania wanaifahamu tangu vyuoni, kwa kuwa imo miongoni mwa mbinu za kufundishia. Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, istilahi hii inakutana na watu waliojifunza Kiswahili darasani, na hao ndio wanaouliza swali ambalo sisi wengine tumesahau kuuliza: kubungua ni kufanya nini?

Muulize mkulima. Akisema mahindi yake yamebunguliwa, maana yake mdudu dumuzi ameingia ndani ya punje na kuitoboa, na anayetazama kwa nje haoni ila tundu dogo na unga kidogo. Maharage hubunguliwa, mbao hubunguliwa. Ni kazi ya taratibu, inayofanyika ndani ya kitu kimoja. Sijui kama aliyeliunganisha neno hili na bongo alikuwa na picha hiyo kichwani, ila picha imo ndani ya neno, na mtumiaji ana haki ya kuichukua.

Kiingereza kilifika kwenye dhana hii kwa njia nyingine kabisa. Neno lake linaunganisha ubongo na dhoruba, na kabla halijawa istilahi ya kazi lilikuwa jina la wazimu wa ghafla. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani na mmoja wa waasisi wa kampuni ya BBDO, ndiye aliyelipa heshima katika kitabu chake cha 1948, kisha katika kingine cha 1953 kilichosomwa zaidi. Hata yeye hakuwa akifikiria upepo na radi. Alikuwa na picha ya kijeshi: kundi la watu kulivamia tatizo moja kama makomandoo wanavyoivamia ngome. Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno na kutuletea “dhoruba ya ubongo” anakosa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Osborn mwenyewe. Wafaransa walijiundia remue-méninges, ambalo kwa mzaha kidogo ni kuutikisa utando wa ubongo. Huenda wakubwa wa Kigali waliosoma kwa Kifaransa wanalijua.

Masharti ya Osborn yalikuwa manne. Usikosoe wazo wakati linatolewa. Karibisha hata la kichaa. Tafuta wingi. Chukua la mwenzako ulijenge. La kwanza na la mwisho ningeyabandika ukutani katika kila darasa. Hilo la wingi ndilo lililoleta maneno. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, ambao mawazo yao yalijumlishwa na yaliyojirudia yakafutwa. Waliokaa peke yao walipata karibu maradufu. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu mojawapo kubwa: mezani husema mmoja kwa wakati, na anayesubiri zamu yake ama analisahau wazo lake, ama analishika kwa nguvu hadi hawezi kuzaa lingine.

Hapa istilahi yetu inaonekana kuwa na busara kuliko ile ya Kiingereza, kwani dumuzi hafanyi kazi kwa mkutano.

Tuchukue mfano wa mtaani. Motari wa Kigali, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hutembea na helmeti mbili, yake na ya abiria, na ile ya pili hupita vichwa vingi kabla jua halijatua. Kikundi kinachorusha mawazo kitaandika “helmeti safi” kisha kitarukia begi la shule lenye sola. Kikundi kinachobungua kitabaki hapo hapo. Kinachomkera abiria ni harufu, jasho la mwenzake, au hofu ya ugonjwa wa ngozi? Aliyesuka nywele na aliyenyoa wana kero moja? Bitana ya ndani inatoka, au imeshonwa humo humo? Mvua ya Aprili ikimkuta motari Nyabugogo, ataikausha bitana hiyo wapi? Na nani atatoa pesa, ikiwa nauli yenyewe ya safari fupi ni faranga mia kadhaa tu? Maswali haya hayajibiwi mezani. Mmoja ataongea na motari, mwingine na msusi, mwingine ataazima helmeti na kuifungua kwa bisibisi. Huenda bidhaa ya mwisho isiwe helmeti hata kidogo, ikawa kitambaa chepesi cha kukunja mfukoni au bitana ya kubadilisha asubuhi na jioni.

Mashariki mwa Rwanda kuna mfano uliokomaa. Shirika la SHE, lililoanzishwa na Mmarekani Elizabeth Scharpf, lilishika jambo ambalo watu walilionea haya kulitaja, yaani hedhi na bei ya pedi. Pedi zilizotoka nje zilikuwa ghali. Ghali kwa nini? Tundu likaingia ndani zaidi, hadi kwenye malighafi inayofyonza, na kutoka hapo hadi kwenye kitu ambacho shamba la Rwanda halikikosi: shina la mgomba linaloachwa baada ya mkungu kukatwa. Nyuzi zake ndizo zilizogeuzwa kuwa pedi. Ukilisikia wazo hilo limekamilika unadhani lilimjia mtu akioga. (Bei ilikuwa na tundu jingine pia, la kodi: mwishoni mwa 2019 serikali iliiondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi. Si kila jibu la mradi wa usanifu ni kifaa.)

Kigali pia ina bahati ambayo wanafunzi huiona kuwa mkosi, nayo ni marufuku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja. Mwenye kufikiria kifungashio cha karanga au cha sambusa hana sehemu kubwa ya kuchezea. Hiyo ni nafuu. Punje imeshachaguliwa, kilichobaki ni kuitoboa: karatasi inayonyonya mafuta inaharibika baada ya muda gani, jani la mgomba linakunjwaje lisipasuke, muuzaji wa soko la Kimironko anafunga vipi sasa hivi?

Kubungua peke yako hakuui kikundi. Kinyarwanda kina usemi kungurana ibitekerezo, kupeana mawazo, ambao kitenzi chake kinakaribiana na neno la faida: kila anayetoa anamwacha mwenzake na ziada. Sauti za kungurana na kubungua zinafanana, maana zimeachana, nami naona vizuri kuyaweka maneno yote mawili kwenye ratiba ya mradi. Kwanza kila mmoja abungue, siku mbili tatu, na daftari lake. Ndipo wangurane. Bernd Rohrbach wa Ujerumani alipendekeza mwaka 1968 namna ya kufanya hivyo bila kelele: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha karatasi inahamia kwa jirani naye anaongeza yake. Baada ya nusu saa mna mawazo 108, hata ya yule mpole wa dawati la nyuma. Mengi yatakuwa hovyo. Kuyachambua ni kazi ya siku nyingine, na hapo ukosoaji unaruhusiwa.

Kisha kinakuja kile ambacho wengine wanakiita sampuli na wengine mfano wa awali. Mimi nachagua mfano wa awali, kwa sababu sampuli huchotwa kutoka kitu ambacho tayari kipo. Wanafunzi wengi hutamani kuanzia kwenye mashine za FabLab Rwanda, iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2016, zinazochapa vitu vya pande tatu na kukata kwa leza. Wasikimbilie huko. Bitana ya helmeti inashoneka kwa vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, na kifungashio kinakunjika kwa karatasi ya daftari. Ukihitaji mbao au chuma, mafundi wa Gakinjiro, Gisozi, wataukagua mchoro wako na kukuonyesha pale ambapo hautakaza, kabla hujatumia hata faranga moja.