Unasaba wa Chama, Wala si Utambulisho

Orodha za istilahi za sayansi ya siasa zinaendelea kutupa "utambulisho wa chama" kuwa tafsiri ya kile ambacho kwa Kiingereza huitwa "party identification", na wanafunzi wanaendelea kuunakili bila kuuliza. Neno hilo ni kosa. Lingekuwa kosa la ladha tu, ningelivumilia. Hili ni kosa la sarufi, nalo limezaa kosa la maana.

Tuanze na kitenzi. Kutoka "tambua" tunapata "tambulisha", na "tambulisha" hudai watu watatu: anayetambulisha, anayetambulishwa na yule anayetambulishiwa. Ndiyo maana tunayo barua ya utambulisho ya mjumbe wa nyumba kumi, na mgeni rasmi hukaa baada ya utambulisho kwisha. Mtu wa kawaida akisikia "utambulisho wa chama" atafikiria bendera, nembo au kadi, yaani vitu vinavyokifanya chama kijulikane. Dhana tunayoitafutia jina haina watu watatu. Inaye mmoja tu, nayo hukaa moyoni mwake.

Waasisi wa dhana hii walilijua hilo. Angus Campbell, Philip Converse, Warren Miller na Donald Stokes wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika The American Voter cha mwaka 1960, hawakuipima kwa kuwauliza Wamarekani wana kadi ya chama gani wala walimpigia nani kura. Waliwauliza kama kwa kawaida hujiona kuwa Republican, Democrat au huru. Kisha wakapima ukali wa hisia hiyo kwa ngazi 7. Mwaka 1952 Democrats wengi walimpigia kura Eisenhower, mgombea wa Republican, na kesho yake wakaendelea kujiona Democrats. Kura ilihama, nafsi haikuhama. Kiini cha swali ni "hujiona", na kiambishi "ji" ndicho wanakamati wa istilahi, walioandaa orodha hizo, walichokitupa.

Wenzetu wengine wamependekeza mengine. "Uanachama" ni jambo la daftari na ada. "Ushabiki" ni wa uwanjani, nao hubeba shutuma. "Ukereketwa" ni neno zuri la siasa za Tanzania, lakini mkereketwa huwaka daima, ilhali ngazi za Michigan zina nafasi ya walio vuguvugu. "Uaminifu kwa chama" ni sifa ya kiongozi anayesifiwa jukwaani, haufai kuwa kipimo cha mtafiti.

Neno tulitakalo tunalo tayari vinywani. Kila Mswahili husema fulani "anajinasibisha" na kundi, ukoo au dhehebu. Shina lake ni nasaba, kutoka Kiarabu, ambako mzizi wa nuni, sini na be huhusu ukoo na uhusiano. Mzizi huohuo umetupa "mnasaba", tunaposema "kwa mnasaba huu". Kutoka hapo napendekeza "unasaba wa chama": hali ya mtu kujiona ana ukoo na chama fulani. Wapo waliodai kwamba neno hili litachanganywa na "nasibu" ya bahati nasibu. Hoja hiyo imesemwa kwa kujiamini sana na watu wasiofungua kamusi ya Kiarabu: nasibu ina swadi, nasaba ina sini, na hata katika Kiswahili, kilichoziunganisha sauti hizo mbili, irabu zinatosha kuyatenganisha maneno haya.

Utafiti wenyewe uko upande wa nasaba. Mwaka 1962 Converse na Georges Dupeux waliwalinganisha Wamarekani na Wafaransa. Wengi wa Wamarekani waliweza kutaja chama cha baba zao. Wengi wa Wafaransa hawakuweza, na Wafaransa hao ndio waliokuwa na mwelekeo hafifu wa kujifunga na chama. Chama kilirithiwa nyumbani, kama dini inavyorithiwa. Ni neno gani la Kiswahili hubeba urithi wa nyumbani kuliko nasaba?

Nimeambiwa pia kwamba nasaba haibadiliki, na kwamba mtafiti Morris Fiorina alionyesha mwaka 1981 jinsi mpiga kura anavyoweka hesabu ya mema na mabaya ya chama na kuisahihisha kadiri miaka inavyokwenda. Ni kweli, na ndiyo sababu neno langu limetokana na kujinasibisha. Mtu huzaliwa na nasaba, lakini hujinasibisha kwa hiari, na anaweza kujitoa.

Tazameni Zanzibar. Chama cha ZNP (Hizbu) kilianzishwa mwaka 1955 na ASP (Afro) mwaka 1957, na hadi leo wazee hukumbushana nyumba ipi ilikuwa Hizbu na ipi Afro. Mwaka 2019 kiongozi wa upinzani Maalim Seif alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo, wafuasi wake walihama naye kwa wingi: jina la chama lilibadilika, unasaba ukabaki. Kenya nayo ilipewa NARC mwaka 2002, PNU mwaka 2007, Jubilee na kisha UDA. Mtafiti anayeuliza "utambulisho wa chama" huko atapata majina ya vyama yanayobadilika. Anayeuliza unasaba ataona kilichodumu chini ya majina hayo.

Mapendekezo haya niliyawasilisha kwa maandishi mahali panapohusika. Sikujibiwa, na orodha ikachapishwa na kosa lilelile. Sidai heshima ya mtu binafsi. Nadai kwamba anayepewa dhamana ya kuilea lugha asome hoja anazoletewa kabla ya kupiga muhuri.

Kwa matumizi: unasaba mzito, unasaba mwepesi, mwegemeo, na asiye na unasaba; na katika hojaji, "Je, unajinasibisha na chama chochote cha siasa?" Mwalimu anayefundisha tabia za wapiga kura aanze na swali hilo muhula huu, bila kungoja kamati.