Ukali wa Sumu, si Kiwango cha Sumu

Imenifikia mkononi, kwa hisani ya sahibu yangu mmoja, rasimu ya orodha ya istilahi za elimu ya mazingira iliyotungwa na jopo la wajuzi ambao sioni haja ya kuwataja, na humo, katika safu ya maneno yahusuyo taka za viwandani, nimekuta kile kipimo mashuhuri cha kukadiria jinsi taka zenye metali nyingi zinavyoudhuru mwani wa majini kimefasiriwa "upimaji wa kiwango cha sumu kwa kuvu wa majini". Nimeisoma ibara hiyo na kuirudia, nikitaraji kuona nimekosea kusoma, hata nikayakinika kwamba ndivyo walivyokusudia. Na maadamu orodha yenyewe imeandaliwa ili ifundishiwe vijana, kunyamaza kungekuwa ni taksiri.

La kuvu nitalipita upesi, kwa kuwa halihitaji hoja ndefu. Kuvu ni ile iotayo juu ya mkate uliolala na ukuta wenye unyevu, nayo haijitengenezei chakula kwa nuru ya jua, ilhali mwani huishi kwa nuru hiyo hiyo na ndiyo maana ukapimiwa sumu, kwa sababu ukifa mwani hukosa riziki wadudu wa majini, na samaki baada yao. Watu wa pwani wanalo neno mwani tangu zamani, na wanawake wa Paje na Jambiani kule Unguja wanaulima kwa biashara tangu mwaka 1989. Atakayesema kwamba mwani wao ni wa bahari na wa kamba, ilhali ule wa maabara ni wa maji baridi na hauonekani ila kwa hadubini, ajibiwe kwamba tunasema mwani wa seli moja, na mambo yamekwisha.

Kubwa ni hilo la kiwango. Kiwango, kwa asili yake, chatokana na kitenzi cha zamani cha kuwanga, yaani kuhesabu, na kila kilichozaliwa na kitenzi hicho kinachukua maana ya hesabu na kadiri: kiwango cha mvua, kiwango cha mshahara, kiwango cha chumvi ndani ya maji. Kwa hiyo mwenye kusema kiwango cha sumu amesema, atake asitake, kiasi cha sumu kilichomo. Naye mwenye kupima kwa mwani hakuulizwa kiasi, bali ameulizwa ile sumu iliyomo ina nguvu gani ya kudhuru. Mpishi akiambiwa kwamba pilipili zilizo kikapuni ni tano, bado hajajua kama ni kali au si kali.

Tutazame taka yenyewe. Mjini Lubumbashi, katika ile nchi ya Kongo ambayo jimbo lake la Katanga liliitwa kwa neno letu, Shaba, tangu 1971 hata 1997, pana kilima kikubwa cheusi kando ya dohani ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Ni mavi ya shaba, kama wazee walivyosema mavi ya chuma, yaani takataka ibakiayo baada ya madini kuyeyushwa na metali kutengwa. Na ndani yake mmesalia shaba, zinki na kobalti, hata wafanyabiashara wamerudi kukichimbua kilima kile kwa ajili ya hiyo kobalti. Mkemia akilisaga jiwe la kilima kama hicho na kuliyeyusha kwa asidi, atakuambia kiwango cha kila metali, na hatakosea. Walakini metali iliyofungwa ndani ya jiwe haiugusi mwani. Iugusayo ni ile inayotoka ikaingia majini, na hata hiyo hutofautiana: ayoni ya shaba iliyo huru huua, na shaba ile ile ikishikwa na mboji iliyoyeyuka majini, au ikikuta maji magumu yenye kalisi nyingi inayoshindania nayo mlango wa seli, hupungua makali; na maji yakizidi uasidi, metali hutoka kwenye jiwe kwa wingi zaidi. Hata chakula cha mwani maabarani hutiwa EDTA, dawa inayozishika ayoni za metali, na mpimaji asiyeliangalia hilo huitangaza taka kuwa salama ilhali ni dawa yake mwenyewe iliyoificha sumu. Basi yamkini taka mbili zikawa na kiwango kimoja cha shaba, na moja ikaangamiza mwani wote, na ya pili isiudhuru. Jopo letu lingeziita hizo mbili kwa hesabu moja.

Tena kuna jambo ambalo nadhani halikuwapitia akilini. Katika kipimo hiki, ambacho mwongozo wake namba 201 ulitolewa na shirika la OECD na kusahihishwa mwaka 2006, taka hutikiswa majini kwanza, aghalabu kilo moja kwa lita kumi kwa muda wa saa 24, maji yakachujwa, yakazimuliwa daraja baada ya daraja, yakatiwa mwani, yakawekwa katika nuru isiyozimwa na joto la nyuzi 21 hadi 24 kwa saa 72, muda ambao mwani usiotiwa sumu sharti uongezeke angalau mara 16, ama sivyo kipimo ni batili. Kinachotafutwa mwishoni ni ukolezi unaopunguza kasi ya ukuaji kwa nusu. Na hesabu hiyo ikiwa ndogo, sumu ndiyo kali zaidi. Sasa mwandishi wa ripoti, kwa kufuata orodha ile, ataandika "kiwango ni kidogo", na diwani atakayeisoma atafurahi, na kumbe ameambiwa kwamba mto wake unakufa.

Ndipo nikasema, na leo nakariri, kwamba fasiri sahihi ni ukali wa sumu. Wako wanaopenda usumu, na neno hilo ni fupi, walakini kiambishi u- kikiambikwa kwenye jina hutoa hali ya kuwa kitu hicho, kama utu na utoto na ufalme, na hali hiyo haina daraja. Ukali watokana na kivumishi, nacho kivumishi hupimika: kali, kali zaidi, kali mno. Sumu yenyewe tuliipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni summ. Wayunani waliipa jina kwa upinde, kwani sumu yao ya mishale ndiyo iliyowapa Wazungu istilahi yao ya toxicity. Na jirani zetu Wagiriama, waliochemsha mti wa akokanthera kwa kuwindia, waliiita utsungu, ndugu wa uchungu wetu. Tazama walichokitia jina: si wingi wa sumu, ni jinsi inavyouma. Nasi twasema siki kali, dawa kali, jua kali, na mwenye duka huandika "sumu kali" juu ya chupa akaeleweka na kila apitaye.

Pendekezo hili nililiandika zamani nikalipeleka kwa waliohusika. Halikujibiwa, na baadaye nikasikia mmoja wao amelishutumu barazani kwamba ni maneno ya sokoni. Sijui ni lini usahihi wa neno ulianza kutiwa dosari kwa kuwa watu wanalielewa. Istilahi kwa asili ya Kiarabu ni jambo lililoafikiwa, nayo ni ya shina moja na suluhu na maslahi. Neno lililoamuliwa na wachache chumbani, bila ya kuwauliza wapimaji wala wavuvi, halijawa istilahi.

Katika matumizi, na iandikwe hivi: ukali wa sumu ya taka kwa mwani, na hesabu yake iitwe ukolezi wa nusu. Nawasihi walio na rasimu ile mikononi waifute ibara yao kabla haijapigwa chapa, kwani kitabu kikishaingia madarasani ni vigumu kukirudisha.