Kiwimbi kilipotelea wapi? Historia ya ĩ na ũ kwenye video zetu

Leo nataka tuzungumzie tatizo ambalo wahariri wengi wa video hapa Meru na Embu wanalijua vizuri. Unaandika jina Mũgambi kwenye plagini ya maandishi na skrini inakuletea Mugambi, au M?gambi, au mraba mtupu mahali pa ũ. Unaifuta plagini, unaiweka upya, unawasha kompyuta tena. Tatizo liko pale pale!

Sababu ni kwamba tatizo hili lina umri mkubwa kuliko plagini yenyewe. Ukijua historia yake, utajua pia pa kuligusa.

Irabu saba, nafasi 128

Kiswahili kina irabu tano. Kimeru na Kiembu zina saba, sawa na Gikuyu. Zile mbili za ziada, moja iko kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Huandikwa ĩ na ũ. Ndiyo maana mtu ni mũntũ kwa Kimeru na mũndũ kwa Kiembu. (Katika maandishi ya Kimeru na Kitharaka utakuta pia wanaotumia kikofia, yaani î na û. Wakumbuke hao, tutarudi kwao.)

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa ASCII, jedwali la nafasi 128 lililopangwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili kilibahatika. Tahajia yake ya Kilatini haina alama juu ya herufi, kwa hiyo kilitosha humo chote, hata ng' ya ng'ombe. Jambo OpenOffice ilipotoka mwaka 2004, watu walishangilia kuona kompyuta ikiongea Kiswahili, na hakuna aliyehitaji herufi hata moja mpya. Lakini kompyuta kuandika Kiswahili vizuri hakukuthibitisha chochote kuhusu Kiembu.

Baada ya ASCII yalikuja majedwali ya nafasi 256. Lile la Windows kwa Ulaya Magharibi, linaloitwa 1252, lina ñ ya Wahispania na ã na õ za Wareno. Lina î na û pia, kwa sababu ya Wafaransa. ĩ na ũ hazimo. Kwa hiyo anayeandika kwa kikofia alipita mlangoni, na anayeandika kwa kiwimbi alibaki nje, ingawa wote wawili wanatoka mlima mmoja.

Herufi zetu zilipata kiti katika jedwali la ISO 8859-4 la mwaka 1988, lililotengenezwa kwa lugha za Ulaya ya kaskazini, na zilimo kwa sababu ya tahajia ya zamani ya Greenland. Wavietnamu nao wanazitumia. Oktoba 1991 Unicode ikazipa namba zake za kudumu: ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169.

Milango miwili

Desemba ya mwaka huo huo, 1991, Adobe walitoa Premiere ya kwanza. Unaweza kudhani basi kwamba uhariri wa video na herufi zetu vilikua pamoja. Sivyo.

Kwenye Windows, kazi nyingi zinazohusu maandishi zina milango miwili. Mlango A hutumia jedwali la zamani la nafasi 256, mlango W hutumia Unicode. Katika Windows 95 na 98 mlango W ulikuwa umefungwa kwa sehemu kubwa. Mtengenezaji wa plagini aliyetaka kuuza kwa watu wengi alitumia A. Windows XP ilipofika mwaka 2001, mfumo wote ukawa wa Unicode ndani, lakini A haikuondolewa, ili programu za zamani zisife. Plagini zilizojengwa juu yake zikaendelea kufanya kazi, na zikaendelea kupoteza herufi.

Fikiria sasa programu ya kuhariri inayoshika neno Mũthoni sawasawa kwenye kumbukumbu yake. Inalikabidhi kwa plagini kupitia mlango A. Windows inatafuta ũ katika jedwali la 1252, inaikosa, inachukua herufi inayofanana nayo zaidi: u. Hakuna onyo wala ujumbe wa kosa. Plagini inachora Muthoni kwa madoido mazuri ya dhahabu, na kila mtu anadhani kazi imekwisha.

Hata kuandika kwenyewe kulikuwa na vituko. Kwenye programu nyingi ukibonyeza Alt na 0297 ili upate ĩ, unapata mabano ya kufunga. Ukitaka ũ kwa 0361, unapata i! Programu inatoa 256 kutoka kwa namba yako na kuchukua kinachobaki: 41 ni mabano, 105 ni i.

Soma dalili kabla ya kufuta chochote

Faida ya historia hii ni kwamba kila dalili ina chanzo chake:

- Mugambi. Kiwimbi kimetoweka bila kelele. Neno limepita mlango A. Kubadilisha fonti hakutasaidia. Tafuta toleo jipya la plagini, au andika neno kwenye programu ya picha na ulilete kama PNG yenye mandhari wazi.
- M?gambi. Ni kosa la ukoo huo huo, ila hapa programu ilikataa kukisia. Dawa ni ile ile.
- Mraba. Neno liko salama, fonti ndiyo haina umbo la herufi. Fonti nyingi za mapambo zinazopendwa kwenye video za harusi ziko hivi. Jaribu Arial, DejaVu au Gentium kwanza.
- MÅ©gambi. Faili imeandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kama 1252. Huonekana sana kwenye faili za tafsiri zinazopita chini ya video. Badilisha namna ya kuisoma, usiandike upya.
- Kiwimbi kinaelea pembeni. Herufi imeandikwa vipande viwili, u na kiwimbi mbali mbali, na plagini haijui kuviunganisha. Iandike upya kama herufi moja.

Kwa jaribio la haraka, andika Ngũgĩ. Jina la yule mwandishi lina herufi zote mbili.

Kosa la kimya

Katika hizo tano, ninayoiogopa ni ya kwanza. Mraba unaonekana na mteja atalalamika. Mugambi haimshtui mtu, kwa sababu tumezoea kuyaona majina yetu hivyo. Na ukishahifadhi mradi ukiwa umepita mlango A, kiwimbi hakirudi hata ukinunua plagini bora kesho. Kompyuta haina namna ya kujua ni u ipi ilikuwa ũ.

Redio haikutusumbua kwa hili. Muuga FM na Wimwaro FM hazihitaji kiwimbi, mtangazaji anatamka tu na msikilizaji anaelewa. Mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka 2015 na nafasi za televisheni zikaongezeka, lugha hizi zilipata njia ya kuonekana kwenye skrini. Leo kuna Weru TV inayotangaza kwa Kimeru. Na kuna mamia ya video za nyimbo za injili, harusi na mazishi. Video ya mazishi hukaa na familia miaka mingi, na mjukuu ambaye hakumjua babu yake atajifunza jina lake kutoka pale chini ya skrini.

Kwa hiyo, ndugu mhariri, muulize mwenye jina analiandikaje, kwa kiwimbi, kwa kikofia au bila alama. Hilo ni lake kuamua. Kisha hakikisha ndivyo linavyotoka kwenye video iliyokamilika, si kwenye dirisha la kuandikia tu. Huko dirishani kila kitu huwa sawa.