Maili za ndege: jinsi kiti cha mbele kilivyoshuka bei, kisha kikapanda tena

Tarehe 1 Mei 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wa AAdvantage. Abiria aliyejiunga alihesabiwa maili kwa kila safari aliyolipia, na maili zikitosha alizibadilisha kwa tiketi ya bure au kwa kuhamia daraja la kwanza. Leo karibu kila shirika kubwa la ndege duniani lina mpango wa aina hiyo. Hakuna njia nyingine iliyowaketisha watu wa kipato cha kawaida kwenye viti vya mbele kama hiyo. Lakini historia yake ni ya mvutano: shirika linatoa ofa ili lijaze viti, abiria wanaojua hesabu wanaichangamkia, kisha shirika linabana masharti.

Katika miaka ya mwanzo ya usafiri wa anga, nauli yenyewe ilitosha kuwachuja abiria, kwa hiyo madaraja hayakuwa na maana kubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1952, pale mashirika yaliyo chini ya IATA, chama chao cha kimataifa, yalipoanza kuuza nauli ya watalii katika safari za kuvuka Atlantiki. Mwaka 1958 likafuata daraja la uchumi. Kuanzia hapo pazia likagawa ndege. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na pazia lake: Super VC10 za East African Airways, zilizoanza kazi mwaka 1966, ziliruka kwenda London zikiwa na daraja la kwanza ambalo karani au mwalimu wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hakuliwazia.

Marekani, nauli za ndani zilipangwa na bodi ya serikali hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuziachia soko. Mashirika yakaanza kupigania abiria kwa bei. Mwaka 1979 Texas International Airlines ilibuni mpango wa kuwahesabia wateja umbali waliosafiri, ingawa ni American Airlines iliyolifanya wazo hilo kuwa biashara kubwa.

Aliyekuwa nyuma ya AAdvantage ni Robert Crandall, mtu ambaye katika simulizi za usafiri wa anga anakumbukwa pia kwa kuondoa punje moja ya zeituni kwenye saladi ya daraja la kwanza. Inasemekana punje hiyo iliokoa dola 40,000 kwa mwaka. Meneja wa aina hiyo hagawi viti bure kwa ukarimu. Hesabu yake ilikuwa kwamba kiti kitupu, ndege ikishapaa, ni hasara isiyorudi. Kumkalisha humo mteja mwaminifu kunaligharimu shirika chakula, mafuta kidogo na karatasi ya tiketi, ilhali mteja huyo atakataa ndege ya mshindani kwa miaka mingi ili asipoteze maili zake.

Wateja wa kuanzia walipatikana kwa kompyuta. American ilikuwa na mtambo wake wa kuweka nafasi, SABRE, na watumishi wakautumia kutafuta namba za simu zilizojirudia mara nyingi kwenye tiketi. Wasafiri waliobainika hivyo waliandikishwa pamoja na wanachama wa kumbi za mapumziko za shirika hilo viwanjani. Haikupita hata wiki moja, United Airlines ikatangaza Mileage Plus. Delta na TWA zikafuata mwaka huohuo.

Mwaka huohuo wa 1981 American ilifungua pia njia ya pili, ambayo haikuwa ya watu wa kawaida. Mikopo ya benki ilikuwa ghali na shirika lilihitaji fedha taslimu, kwa hiyo likauza kadi ya AAirpass: kwa dola 250,000, mnunuzi alisafiri daraja la kwanza popote American inapokwenda, bila kikomo, maisha yake yote. Walionunua ni 66 tu. Uchunguzi uliochapishwa na gazeti la Los Angeles Times mwaka 2012 ulionyesha kwamba baadhi yao walisafiri mara maelfu, na mmoja alipindukia safari 10,000. Shirika liliwafuta wawili likiwatuhumu kuvunja masharti, na ugomvi ukaishia mahakamani. Bei ya kadi ilipandishwa mara kadhaa na mauzo yakasitishwa mwaka 1994. Ilipotangazwa tena mwaka 2004 kwa dola milioni 3, hakujitokeza hata mnunuzi mmoja.

Maili zilipata nguvu mpya zilipotoka nje ya ndege. Kampuni za magari ya kukodi na hoteli ziliingia mapema, na mwaka 1987 Citibank ikatoa kadi ya mkopo iliyompa mwenye kadi maili za American kila anaponunua kitu. Tangu hapo mtu aliweza kukusanya maili akiwa dukani, bila kukanyaga uwanja wa ndege. Mwaka 1988 mashirika yalishindana hadi kutoa maili mara tatu kwa kila safari. Mwishowe yalishtukia deni la safari za bure lililorundikana vitabuni, yakaanza kuweka tarehe za kuisha kwa maili, siku zisizoruhusiwa na idadi ndogo ya viti. Wanachama wa AAdvantage waliishtaki American wakisema masharti mapya yamepachikwa kwenye maili walizokwisha kuzivuna. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Januari 1995 majaji waliamua kwamba sheria za majimbo za kumlinda mlaji haziwezi kutumika dhidi ya shirika katika jambo hilo, ila dai la kuvunja mkataba linaweza kusikilizwa. Maana yake ni kwamba kinga ya abiria imo ndani ya masharti yaliyoandikwa na shirika lenyewe.

Tukio linalosimuliwa zaidi katika historia hii halikutokea mahakamani bali kwenye rafu za vyakula. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilitangaza kwamba mteja atakayetuma alama kumi za mistari ya bei kutoka kwenye bidhaa zake atapewa maili 500 za shirika la ndege analolitaka. Atakayetuma kabla ya mwisho wa Mei angepata mara mbili, yaani maili 1,000. Ofa ililenga kuuza vyakula vilivyogandishwa, vyenye bei ya dola kadhaa kwa pakiti. Mhandisi mmoja wa chuo kikuu huko Davis, California, alisoma tangazo hilo hadi mstari wa mwisho na akagundua kwamba halikutaja bidhaa ipi inahesabika na ipi haihesabiki.

Alianza na supu za makopo, zilizouzwa senti 90. Kisha akakuta katika duka la bei nafuu vikombe vya pudini vya kampuni hiyohiyo, kila kimoja senti 25, na kila kimoja kikiwa na alama yake ya mistari. Vikombe kumi ni dola mbili na nusu. Dola mbili na nusu ni maili 1,000. Wakati huo tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya Marekani ilipatikana kwa maili 25,000, kwa hiyo pudini za dola 62 na nusu zilitosha kwa safari moja. Mhandisi alipakia gari, akazunguka matawi ya duka hilo katika bonde la kati la California pamoja na mama mkwe wake, akisomba kila kikombe kilichokuwapo. Wauzaji walipouliza pudini zote hizo za nini, aliwajibu kwamba anaweka akiba kwa ajili ya mwaka 2000, ambao wengi waliuhofia kwa sababu ya hitilafu iliyotabiriwa ya kompyuta. Jibu lilieleweka, na siri haikuvuja.

Kilichomkwamisha ni muda. Vikombe vilifika 12,150, na kila alama ilitakiwa kubanduliwa kwa mkono kabla ya mwisho wa Mei. Familia ilibandua hadi vidole vikauma, na watoto walikula pudini hadi wakaikinai. Ndipo mhandisi alipokwenda kwa Jeshi la Wokovu na kupatana nao: watu wa kujitolea wabandue alama na kumrudishia, kisha pudini zibaki kwao ziwalishe wahitaji. Kwa kuwa huo ni msaada kwa taasisi ya hisani, alipata pia punguzo la kodi la zaidi ya dola 800.

Hesabu ya mwisho ilikuwa matumizi ya dola 3,140 na mavuno ya maili zaidi ya 1,250,000. Kampuni ya vyakula ililipa kama ilivyoahidi. Sehemu kubwa ya maili aliiweka American, na kwa kuvuka maili milioni moja akapewa hadhi ya Gold ya kudumu, inayompa abiria kipaumbele na nafasi ya kuhamishiwa mbele. Magazeti yaliivalia njuga habari hiyo mwaka 2000, na filamu ya Punch-Drunk Love ya mwaka 2002 ilimpa mhusika wake mkuu kazi ileile ya kununua pudini. La kuzingatia ni kwamba hakuna aliyedanganywa: kampuni ilitangaza ofa na mteja akaitimiza. 

Mwaka 2008 zamu ikawa ya serikali. Idara ya sarafu ya Marekani ilitaka raia watumie sarafu za dola moja, ikaziuza kwa thamani yake halisi na kuzisafirisha bila malipo. Wakusanya maili walizinunua kwa kadi za mkopo, wakapeleka maboksi benki bila kuyafungua, wakalipa deni la kadi kwa fedha hizohizo na kubaki na maili. Julai 2011 idara hiyo ilikataza kadi katika mauzo ya sarafu hizo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika yalikuwa pia yakijiunga kwa makundi: Star Alliance mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, SkyTeam mwaka 2000. Maili za shirika moja zikaweza kulipia kiti cha shirika jingine. Afrika Mashariki iliingia kwa mlango huo. Kenya Airways, ambayo KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa zake mwaka 1996, ilipata uanachama kamili wa SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian Airlines ikaingia Star Alliance Desemba 2011. Hata hivyo mashirika ya ukanda huu hayana daraja la kwanza. Dreamliner ya Air Tanzania yenye viti 262 ina viti 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Anayetaka daraja la kwanza lenyewe hutegemea mashirika ya nje, hasa ya Ghuba.

Muongo uliopita haukuwa mzuri kwa wenye kupiga hesabu. Mwaka 2015 Delta na United zilianza kutoa maili kwa kuangalia nauli iliyolipwa badala ya umbali, na American ikafuata mwaka 2016. Majedwali ya bei za zawadi yaliondolewa, hivyo kiti kilekile kinaweza kutakiwa maili mara mbili au tatu ya jana. Viti vyenyewe vinapungua, kwani mashirika mengi yamefuta daraja la kwanza na kuboresha la biashara. Mei 2025 Emirates iliamua kwamba wenye hadhi ya Silver, Gold au Platinum ndio pekee watakaotumia maili kupata daraja lake la kwanza. Mwanachama wa ngazi ya chini, hata akiwa na maili za kutosha, akaachwa nje. Huu ni uamuzi unaowagusa wasafiri wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopitia Dubai.

Thamani ya maili kwa mashirika, kinyume chake, imepanda. Wakati wa janga la korona mwaka 2020 United iliweka rehani MileagePlus ili ikopeshwe mabilioni ya dola, na mpango huo ukakadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola bilioni 22. Maili zinazouzwa kwa mabenki zimekuwa biashara yenye faida ya uhakika kuliko kurusha ndege.

Njia nafuu zilizobaki ni chache lakini zipo. Mashirika kadhaa huruhusu abiria wa kawaida kutaja bei anayoweza kuongeza ili ahamishwe mbele, kiti kikibaki kitupu. Mengine huuza nafasi hizo dakika za mwisho kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Zipo pia safari fupi zinazofanywa na ndege kubwa za masafa marefu, mfano ile ya Emirates kati ya Bangkok na Hong Kong, ambako daraja la kwanza linapatikana kwa sehemu ndogo ya nauli ya safari ndefu. Maili nazo bado zinafaa, mradi mwenye nazo asizilimbikize: tangu 1988 mashirika yamezipunguza thamani mara kwa mara, na mahakama imekwisha kuonyesha kwamba ulinzi wa abiria ni mdogo. Asome masharti kabla ya kujiunga, na azitumie mara zinapotosha.