Umubirizi na Majina Yake: Jani Chini ya Hadubini

Katika nyua za Ndera, mashariki mwa jiji la Kigali, umubirizi hauhitaji kutambulishwa. Majani yake machungu hutumiwa kama dawa ya tumbo na minyoo. Jina hilo la Kinyarwanda limedumu, lakini jina la kisayansi limebadilika. Insha hii inaeleza sababu yake na athari zake.

Mwaka 1791 Schreber aliunda jenasi ya Vernonia, kwa heshima ya William Vernon, Mwingereza aliyekusanya mimea Maryland, Marekani. Mwaka 1826 Delile, Mfaransa, alieleza mti wetu kutokana na mimea ambayo msafiri Cailliaud aliileta kutoka nchi za Mto Nile, akauita Vernonia amygdalina. Baadaye jenasi hiyo ikawa kama ghala: ilijaa spishi zipatazo 1,000 za Afrika, Asia na Amerika.

Hadubini ndiyo iliyosaidia kulipanga ghala hilo. Vinywele vya jani, ambavyo kwa macho huonekana kama vumbi tu, vina maumbo mbalimbali: vingine vimechongoka, vingine vinafanana na herufi T, vingine vina tezi. Mwaka 1973 Faust na Jones walionyesha kuwa vinywele hivyo husaidia kutofautisha spishi za Vernonia za Amerika Kaskazini. Hata hivyo, vinywele peke yake havikutosha. Chavua na kromosomu zilitoa ushahidi zaidi: hesabu ya msingi ya kromosomu ni 17 kwa jamii za Amerika, lakini ni 9 au 10 kwa zile za Afrika na Asia. Mwaka 1999 Harold Robinson wa Smithsonian aliurudisha umubirizi katika Gymnanthemum, jenasi ambayo Cassini aliiunda tangu 1817.

Mabadiliko haya yanamgusa mwanafunzi moja kwa moja. Mwaka 1989 Huffman na Seifu walichapisha habari za sokwe mgonjwa wa Mahale, Tanzania, aliyetafuna kiini cha shina la mti huu, waliuita Vernonia. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake anaweza kuikosa kazi hiyo.

Kwa kuhitimisha, jina la kisayansi ni hoja inayoweza kupingwa kwa ushahidi mpya. Kwa hiyo tunapoandika kuhusu dawa za wazee wetu, tutaje majina yote matatu na kuhifadhi jani lililokaushwa, ili atakayekuja baadaye aweze kulichunguza mwenyewe.